Embe Bichi Siku ya Kupatwa kwa Jua

Kila nikikata embe bichi, katika jiko lolote nilikopata kibarua, harufu yake kali hunirudisha Kikwajuni, chumbani kwa mama mdogo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa akikata embe la kula na chumvi, mara mchana ukafifia.

"We mwana, tupa kisu!" bibi alipiga kelele mlangoni. "Jua limepatwa! Unataka kuzaa mtoto mdomo umechanika?"

Kisu kilianguka, lakini embe lilikuwa limeshakatwa. Bibi alifunga madirisha, akaziba nyufa kwa kanga, akatufungia ndani.

"Nshamkata mwanangu," mama mdogo alinong'ona, ameshika tumbo.

Tundu moja la dirisha lilibaki wazi. Mwanga wake ulitua ukutani, si duara kama siku zote, bali mwembamba kama kucha iliyokatwa. Niliutazama ukinenepa polepole.

"Mama mdogo, jua ni zima. Kuna kitu kimepita mbele yake, sasa kinaondoka."

"Nani kakwambia?"

"Hapana mtu. Naona."

"Basi nyamaza."

Kesho yake nilimuuliza mwalimu. Akasema hilo haliji kwenye mtihani.

Miezi miwili mama mdogo hakugusa kisu, wala usingizi hakuupata vizuri. Mtoto alipoletwa, amezongwa kanga mpaka puani, kila mtu alisema mashaallah. Mimi, niliyeona ukutani kwa macho yangu, nilikuwa wa kwanza kuishusha ile kanga nimtazame mdomo.