Kishikio Namba Saba

Hebu mtazame anavyokuja. Ni Ijumaa, saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuyachoma mabati, na mwanamume wa miaka hamsini na ushei anaukaribia mlango wa shule ya sekondari. Kavaa shati la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi kooni, joto lote hilo. Anatembea kando kando ya ukuta kama anayekwepa matope, na matope yenyewe hayapo. Mkononi ana bahasha. Ndani ya bahasha hamna barua wala picha. Mna kipande cha karatasi chenye mstari wa rangi ya waridi.

"Unamtaka nani, mzee?" mlinzi anamuuliza.

"Mwanafunzi mmoja wa kike. Jina silijui."

Mlinzi anacheka hadi kofia inasogea. "Umekuja kumtafuta mtoto wa watu usiyemjua jina? Mzee wangu, geuza kabla sijapuliza filimbi."

"Naujua mkono wake," anasema yule mwanamume.

Usimcheke pamoja na mlinzi, nakuomba. Tulia nikueleze mkono ulikuwa wa nani, na kwa nini ile bahasha ilimlemea kuliko gunia.

Mtaani walimwita Fundi Makovu. Alianza maisha kwa kuandika mabango ya maduka, akahamia kuchora tatuu, na alijifunza peke yake, juu ya mkono wake wa kushoto. Ule mkono ndio ulikuwa ubao wake wa mazoezi: samaki mwenye macho mawili upande mmoja, ua lililokosa shina, herufi zilizolala kama walevi. Ndiyo maana akavaa mikono mirefu siku zote. "Fundi cherehani hatembei na vipande vya kitambaa alivyoharibu," alikuwa akisema.

Lakini kwa ngozi iliyoharibika hakuwa na mpinzani. Alikuja mwanamke aliyekatwa ziwa, akatoka na tawi la maua kifuani. Alikuja mpishi aliyemwagikiwa na mafuta, akatoka na mawimbi mkononi. Fundi alikuwa akilipapasa kovu kwanza, kimya, kidole kikifuata mabonde na vilima vyake, kisha anasema, "Hapa pana mti," au, "Hapa pana ndege." Hakuwahi kuliambia kovu liwe kitu ambacho lilikuwa halitaki.

Chumba chake kilikuwa juu ya duka la rangi za nyumba. Kiti kimoja cha ngozi bandia kinachofutika, sinki la kukanyagwa kwa mguu ili mkono usiguse bomba, boksi la njano la kutupia sindano, na mashine ya kuchemshia vyombo kwa mvuke, ambayo mkewe aliibatiza Sufuria. Ukutani kilitundikwa cheti cha afya, na chini yake tangazo aliloliandika mwenyewe kwa ile herufi yake ya mabango: CHINI YA MIAKA KUMI NA MINANE, HAPANA. HATA UKIJA NA MAMA. HATA UKIJA NA MACHOZI.

Mistari miwili ya kwanza ilikuwa ya sheria, maana sheria kweli ilikataa hata mzazi akiridhia. Huo wa machozi Fundi aliuongeza kwa sababu alijijua.

Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Sindano ilikuwa mpya kwa kila mteja, ikitumika inatupwa. Kishikio, yaani kile kipande cha chuma kinachoibeba sindano, ndicho kilichorudiwa kutumika. Kilisuguliwa, kikatiwa kwenye mfuko wa karatasi, mfuko ukaandikwa namba na tarehe, ukaingia Sufuriani. Kila mfuko ulikuwa na mstari wa waridi. Mvuke ukifika joto lake, mstari hugeuka kahawia, na hapo ndipo unajua kishikio ni salama. Mteja akikaa, mfuko hufunguliwa mbele ya macho yake, na kile kipande chenye mstari hubandikwa kwenye daftari, kando ya jina lake na umri wake.

Sasa sikia kosa lilipojificha. Mfuko ukitoka Sufuriani huwa na unyevu, kalamu huuchana. Kwa hiyo Fundi alizoea kuandika tarehe kabla ya kuchemsha. Miaka tisa aliandika kabla, na miaka tisa hakuna kilichoharibika.

Jumanne ya wiki ile alikuja dereva wa lori, mtu wa mwili na vicheko, akafunikwa kovu la bega kwa kishikio namba saba. Fundi alikisugua, akakitia kwenye mfuko wake wa karatasi, akaandika tarehe ya kesho yake. Jumatano akapanga mifuko sita Sufuriani, akaiwasha, akaenda kununua wino, na huku nyuma umeme ukakatika kabla maji hayajapata hata moto. Mkewe alikuwa sokoni. Aliporudi, umeme nao ulikuwa umesharudi; alifungua mashine, akaiona mifuko ina tarehe ya siku ile, imepoa. Akadhani mumewe ameshaichemsha. Akaitia drooni.

Alhamisi akaja yule binti. Ilikuwa mara yake ya tatu.

Mara ya kwanza Fundi alimwonyesha tangazo. Mara ya pili pia. Mkono wa kulia wa binti ulikuwa umeungua toka kiwiko hadi kifundo, katika moto uliowateketezea nyumba yeye na shangazi yake alipokuwa mdogo. Shuleni walimwita Ramani.

"Leo wameniuliza mto mkubwa unapita wapi," alisema, akaweka mkono mezani. "Mwalimu wa jiografia naye akacheka. Akajifanya anakohoa."

"Una miaka mingapi, mwanangu? Usinidanganye."

"Kumi na sita. Ningetaka kukudanganya ningekudanganya siku ya kwanza."

"Subiri miwili tu. Mti hauondoki, uko humo humo."

"Fundi, miaka miwili ni siku nyingi za kuitwa Ramani." Halafu akaongeza kwa sauti ndogo, "Kule nyuma ya gereji kuna mtu anachora kwa sindano ya kushonea. Hana tangazo."

Fundi akalipapasa lile kovu. Kidole kikaenda, kikarudi. Akainuka, akafunga mlango kwa komeo.

Alichora majani, jani juu ya jani, yakipanda toka kifundoni. Waliigawa kazi mara mbili: nusu siku ile, nusu Alhamisi ijayo. Alifungua mfuko mbele ya macho ya binti kama sheria inavyotaka. Aliitazama tarehe. Mstari hakuutazama, miaka tisa tarehe ilikuwa imemtosha. Namba ya mfuko ilikuwa saba.

Na daftari? Ukimwandika mtoto wa miaka kumi na sita, umejiandikia kesi. Hakumwandika. Hata jina hakumuuliza, ili asije akalijua. Kile kipande cha karatasi akakisokomeza mfuko wa shati. Binti akavaa sweta lake la shule, rangi ya damu ya mzee, akaushusha mkono wa sweta polepole. Mlangoni akageuka. "Fundi, ni mazuri," akasema, akaenda zake.

Jumatatu dereva wa lori akarudi. Safari hii hakuwa na kicheko.

"Fundi, nimekuja kukwambia jambo, na usinichukie. Jumamosi nilikwenda kumtolea damu mke wangu, anapasuliwa. Wameikataa damu yangu. Nina homa ya ini, ile inayokwenda kwa damu. Daktari kaniambia niwaambie wote walioigusa. Nimeanza na wewe."

"Pole sana, Dereva. Usiwe na shaka, hapa tunachemsha kila kitu."

"Najua. Nimekwambia tu nilale vizuri."

Dereva alipoondoka, Fundi alivuta droo, kwa mazoea tu, ajiridhishe. Mifuko mitano ya Jumatano ilikuwa pale. Yote mitano, waridi. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati la Alhamisi, lililotundikwa nyuma ya mlango. Waridi.

Alipiga simu zahanati, akauliza kama mtu anayeuliza kwa niaba ya rafiki. Muuguzi alimweleza bila kupindisha: kuna sindano ya kinga, achomwe mapema iwezekanavyo, leo ni bora kuliko kesho, baada ya siku saba matumaini ni haba, na baada ya hapo mtu hungoja vipimo tu, kwa miezi. "Kama ana kadi ya kliniki ya utotoni tuone kama alishapata chanjo."

Fundi aliukumbuka ule moto. Nyumba yenye kadi za kliniki ndani yake.

Siku saba tangu Alhamisi. Hesabu hiyo haikuhitaji kalamu.

"Nenda shuleni sasa hivi," ungemwambia. Mkewe hakumwambia hivyo. Alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha wateja, mikono juu ya kichwa.

"Mimi ndiye niliyeitoa mifuko," alisema. "Niliona tarehe."

"Tarehe niliandika mimi."

"Ukienda shuleni, utasema ulimchora mtoto. Wanafunga mlango huu, na wewe wanakuweka ndani. Baba watoto, si yeye mwenyewe anarudi Alhamisi? Si uliniambia nusu imebaki? Alhamisi bado ni ndani ya siku saba. Mwambie hapa hapa, mpeleke zahanati mwenyewe kimya kimya. Kuna haja gani ya kupiga ngoma?"

Lilikuwa wazo lenye akili, na hilo ndilo lililokuwa baya. Fundi alilipokea kama mgonjwa apokeavyo maji.

Jumanne akaja Bwana Afya, mkaguzi, katika ziara yake ya kila miezi sita. Alipitisha kidole chini ya sinki, akatikisa boksi la njano, akalifungua daftari ukurasa baada ya ukurasa. Mistari ya kahawia, majina, umri, sahihi.

"Daftari hili ningelitembeza kwenye vyumba vingine wajifunze," alisema. "Kuna mmoja jana nimekuta paka amelala juu ya glavu. Kazaa humo! Nimfungie nani, yeye au paka?" Akacheka, akachomoa fomu. "Haya, swali la mwisho la kawaida. Kuna tukio lolote la kuripoti? Mteja kuumwa, chombo kutochemka?"

Mkewe alikuwa akifuta kiti kilichokwisha kufutwa.

"Hakuna," alisema Fundi.

Bwana Afya akaandika *Hakuna*, akabandika cheti kipya juu ya kile cha zamani.

Alhamisi Fundi alifungua chumba alfajiri. Alipanga wino ambao hakukusudia kuutumia. Alishuka ngazi na kupanda, akasimama dirishani. Kila sweta la rangi ya damu ya mzee lilipopita barabarani alichungulia uso. Saa kumi. Saa kumi na moja. Muuza rangi wa chini akaanza kuteremsha milango yake ya chuma. Binti hakuja. Alikuwa na mtihani wa majaribio, na ulisogezwa hadi jioni. Ni jambo dogo kiasi hicho.

Na sasa umejua bahasha ina nini, na kwa nini mtu huyu amesimama mbele ya mlinzi siku ya nane.

Mlinzi, pengine kwa kuyaona macho yake, alimpeleka kwa Mwalimu Mkuu, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba. Fundi alisema kila kitu, isipokuwa siku aliyoujua ukweli, akiwa amesimama. Alipomaliza, mama yule aliita katibu wake. "Niitie yule binti wanayemwita..." Akasita, akaona haya. Akataja jina lake kamili.

Binti aliingia akivuta mkono wa sweta kuufunika mkono. Alipomwona Fundi alishtuka, kisha akamtikisia kichwa haraka haraka kwa siri: usiseme, usiseme, mimi sijakutaja. Alidhani fundi kakamatwa kwa ajili yake. Alikuwa anajaribu kumkinga.

Fundi alimwambia. Kishikio, mvuke, dereva, ini. Alikiweka kile kipande cha karatasi mezani, na mstari wake wa waridi ukawa pale, kama kitu kizuri.

Binti alikivuta karibu yake.

"Ulijua lini?" aliuliza.

Angeweza kusema leo asubuhi. Hakuna mtu chumbani mle ambaye angembishia.

"Jumatatu," alisema.

Binti alihesabu kwa vidole, taratibu, kwa mkono wenye majani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Kidole cha tano hakukikunja.

Walikwenda zahanati wote watatu kwa miguu. Muuguzi alimchoma, akasema, "Tumechelewa, lakini tumechoma." Kipimo cha siku ile kilitoka safi, na muuguzi akawaonya wasikifurahie, maana kilikuwa cha mapema mno kusema lolote, jibu lenyewe litakuja baada ya miezi sita. Fundi alitoka pale akaenda mwenyewe ofisini kwa Bwana Afya. Kabla jua halijatua mlango wake ulikuwa na karatasi ya serikali na kufuli jipya, na kesi ikapangiwa tarehe. Mkewe alilia, kisha akakunja lile tangazo la ukutani, akalitia mkobani bila kulisoma.

Lakini kabla hawajaachana, kwenye benchi la zahanati, Mwalimu Mkuu alipokuwa ndani akitia sahihi, binti alipandisha sweta. Majani yalipanda toka kifundoni, kijani na imara, yakafika katikati ya mkono, yakakatika ghafla. Juu yake ilibaki ramani.

"Shuleni wameyaona," alisema. "Wiki hii hakuna aliyeniita lile jina." Akaligusa jani la mwisho. "Fundi, hii nusu nyingine nimpelekee nani?"

Fundi akalipapasa lile kovu la juu, kidole kikaenda, kikarudi. Wewe ungemjibu nini?