Loro na Magazeti ya Ng'ombe wa Boran

Mara ya kwanza Loro aliponiomba gazeti la ng'ombe nilidhani ananichokoza. Mimi Jepchirchir ni Mkalenjin, na watu wa hoteli yetu walikuwa hawachoki kunitania kwa habari za maziwa. "We mzee," nikamwambia, "mimi nimekuja Juba kusimamia jiko, sikuja na zizi." Hakucheka. Alisimama pale kwenye geti la hoteli alilolinda, yunifomu ya uaskari imempwaya, akasema, "Hapana, madam. Mimi natafuta baba yangu. Iko ndani ya gazeti."

Hiyo ilikuwa 2008. Mkataba wa amani ulikuwa na miaka mitatu, na mji umejaa Wakenya wanaolala kwenye makontena na kulalamikia joto. Loro alikuwa amerudi kutoka Uganda alikozaliwa, yeye na mkewe Santina na binti yao Florence. Baba yake, Fortunato, alitoka huku akiwa kijana, zamani za Mwingereza, akatembea hadi Kenya, upande wa Rumuruti, akawa mchunga ng'ombe wa kawaja mmoja. Kawaja ndiyo mzungu hapa Juba. Baadaye akahamia Uganda, akaoa, akamzaa Loro, akafa mtoto akiwa na miaka tisa. Mama alikuwa ameshatangulia.

Kwa hiyo Loro alirithi mambo mawili tu. La kwanza ni habari kwamba baba yake aliwahi kupigwa picha na fahali wa maonyesho, ikatoka gazetini. La pili ni majina manne ambayo baba aliyataja kila jioni wakiota moto, hata mtoto akayashika: Lobulo, Lokuryo, Lomerik, Lojong. "Hii ni babu yangu," akaniambia, "na baba yake, na ya nyuma tena." Aliyataja polepole kama mtu anayesali.

Haraka yake ilikuwa Florence. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Terekeka, wa watu wenye ng'ombe si haba. Sasa ng'ombe wa mahari hawapokelewi na baba peke yake. Lazima ukoo wa kuumeni uketi, baba wakubwa na wadogo, kila mmoja apokee wake. Msichana asiye na ukoo wa kumpokelea haozwi, anachukuliwa tu. Loro alikuwa amewatafuta watu wa baba yake akawapata mtaa wa Malakia, na mkubwa wao alikuwa mzee Konga. Konga alimsikiliza, akamtajisha babu zake, akatikisa kichwa. "Hawa hatuwajui. Lakini kuna Fortunato mmoja alipotea mimi nikiwa mtoto. Lete kitu cha kuonyesha. Ukileta, tutakaa."

Basi na mimi nikaingia. Marehemu baba yangu aliacha kule Moiben rundo la magazeti ya wafugaji, aliyoyaokota kwa mzungu aliyeuza shamba akaenda zake. Kila likizo nilirudi Juba na katoni moja. Madereva wa malori pale Sherikat nao wakaanza kumletea mengine kutoka Nakuru, mengine yakinuka samaki. Loro aliyaweka kwenye kibanda chake cha geti, juu ya matofali, amefunika nailoni. Kizungu hakukijua, lakini herufi alizijua, na picha alizichungulia moja moja kwa miaka miwili. "Loro, utaoa gazeti wewe!" tulimtania. Ikafika mahali akaanza kunikosoa mimi kuhusu nundu, eti hii imelala, hii imekaa vizuri. Mimi! Mtoto wa Moiben!

Machi 2010, asubuhi nikisimamia chapati, nikasikia anapiga kelele. Nikatoka mbio nikidhani ni mwizi. Alikuwa na toleo la mwaka wa sitini na mbili. Fahali mweupe wa aina ya Boran, mkubwa kama kabati, na kando yake mwanamume mwembamba aliyevaa koti refu, ameshika kamba. Paji la uso lilikuwa la Loro, na masikio yaliyochomoza ni yale yale. Na chini ya picha, majina.

"Lobulo!" akasoma kwa kidole. "Lokuryo! Lomerik! Lojong! Madam, kawaja aliandika wazee yangu! Aliandika ukoo yangu yote!" Analia, ananishika mikono. Santina alikuwa amemletea chai. Akapiga vigelegele, na mimi nikapiga. Kisha nikaangalia.

Mimi nimekulia kwenye maonyesho ya Eldoret. Nasaba ya fahali naijua hata nikiamshwa usingizini. Lobulo alikuwa yule fahali. Lokuryo ni fahali aliyemzaa, Lomerik aliyemzaa Lokuryo, Lojong wa kwanza wao. Kando ya kila jina kulikuwa na uzito na namba ya sikio. Fortunato ndiye aliyewapa majina kwa lugha ya kwao, na akayataja kila jioni kwa sababu miaka yote hiyo kuyakumbuka ilikuwa kazi yake. Mtoto aliyeota moto naye akadhani anaambiwa watu wake. Majina ya babu zake wenyewe yalienda wapi, Mungu ajua.

Nilifungua mdomo. Nikamwona Santina anacheza pale getini, kikombe mkononi, nikaufunga. Nikajiambia Konga ataona picha, itatosha, mtoto ataolewa, na Kizungu cha mle nani atakisoma? Mjinga mimi.

Kikao kilikuwa Jumamosi, uani kwa Konga. Nilikuwa na wanawake, tukigawa chai. Konga aliishika picha karibu na macho, muda mrefu, akasema, "Hii ni sura ya mzee Yangi, kaka mkubwa wa yule aliyepotea. Fortunato ndiye huyu." Ee Mungu, nilishusha pumzi! Ilikuwa imeisha. Ungekuwa mwisho hapo, tungekula.

Lakini Loro, kwa fahari, akachukua gazeti akalipeleka kwa wageni, watu wa mchumba waliotoka Terekeka. "Someni na wazee yangu, iko hapa chini." Mjomba wa bwana harusi alikuwa bwana mifugo, mtu wa shule. Akasoma kimya. Akauliza kwa adabu, "Hawa ndio babu zako?" Loro akaitikia. Yule bwana akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akashika tumbo. Halafu akawasomea wote kwa sauti, na uzito, na namba za masikio.

Wallahi walicheka. Hata upande wetu. Konga peke yake hakucheka. Aliinuka akasema, "Fortunato wetu asingemfundisha mtoto mafahali badala ya baba zake. Huyu si wetu." Akaingia ndani. Wageni wakaondoka jua likiwa bado juu.

Jumatatu Loro alikuja kazini. "Madam, wewe unajua Kizungu. Uliona siku ile?"

"Niliona."

Hakunitukana. Laiti angenitukana! Ningalisema mapema, angaliyafunika yale majina akaonyesha picha tu. Alinipa gazeti akaniomba nisome mstari ulio chini kabisa, labda wamemwandika baba. Nikamsomea ulivyo: Lobulo, mshindi wa kwanza, pamoja na mchunga ng'ombe.

"Jina?"

"Hawakuandika jina."

"Kalas," akasema, yaani basi, imeisha, akalikunja.

Mwezi wa tano Florence alichukuliwa na dereva mmoja wa Yei. Hakuna aliyeketi, hakuna aliyepokea kitu. Gari lilisimama nje ya hoteli ili amuage baba yake, likapiga honi, likangoja. Loro hakutoka kibandani. Nilimfuata nikamgombeza, mbona anamwacha mtoto aende hivyo hivyo?

"Binti akitoka," akaniambia, "baba anamtajia wazee yake, asipotee. Mimi nitamtajia nani?"