Jiwe la Gurudumu

Garini tulikuwa watatu: mjomba Mwakio, kaka yake mama, akiendesha; mama; na mimi Mghoi. Juzi nimeona mtoto ameshika jiwe nyuma ya lori, siku ile ikanirudia.

Tulikuwa tumemsindikiza baba stesheni ya Voi, anaenda kazi Nairobi. Tukirudi nyumbani, kwenye mlima wa Werugha injini ikanuka moshi, ikawa inazimika kila kona. Kazi yangu ilikuwa kushuka na kutia jiwe nyuma ya gurudumu. Nami nikadhani nisipolitia, gari litarudi lenyewe mpaka stesheni, kwa baba. Nikalikumbatia jiwe. Gari likaanza kurudi.

“We Mghoi, jiwe! Wataka kutuua?” mama akapiga kelele.

Nikalitia. Nyumbani tulifika salama. Baba hakurudi tena. Kama nilikosea kulitia jiwe lile, nisahihisheni.