Vipande Vinne vya Nubia Ardila

Joto la Barrancabermeja halina adabu, linakufuata mpaka ndani ya viatu. Ndiyo maana watu wa mji ule wana desturi yao: ukikaa tu, hata maji hujaletewa, umeshageuziwa feni. Desturi nzuri, sikatai. Ila siku ile nusura imharibie Nubia Ardila.

Nubia, mama wa miaka arobaini na mitatu, alikaanga samaki miaka kumi na tisa kwenye lango la kiwanda cha mafuta kabla ya kujifunza kuchomelea mabomba. Siku ile alikuwa karakanani kwa mtihani wa cheti cha uchomeleaji, wa tatu. Miwili ya kwanza ilimtupa. Akianguka tena, asubiri mpaka mwakani, na bomba jipya la mafuta la mtoni, kazi aliyoitamani, litakuwa limeshajengwa na wengine.

Wanaume wa karakana walimwita Mama Samaki.

"Samaki wangu mliwalamba mpaka mifupa," aliwajibu, "leo mnanicheka?"

Akaziba ncha zote mbili za bomba, akaacha gesi ya kukinga chuma ijae ndani, akashusha ngao ya uso. Mkono wa kulia ukauongoza moto, wa kushoto ukalisha waya, kidogokidogo. Mshono wa kwanza ukatoka mwembamba, unang'aa. Wa pili ulikuwa umefika robo pale Eliécer, rafiki yake tangu utotoni, alipoona jasho linamdondoka kidevuni. Akamgeuzia feni.

Jamani! Eliécer mwenyewe amechomelea miaka ishirini, anajua kabisa upepo unafukuza gesi inayolinda chuma kilichoyeyuka. Lakini mapenzi yakizidi, akili inaaga. Papo hapo chuma kikatoka vitundu kama mkate.

"Zima! Zima hiyo feni, we mwehu!"

"Mama Maria! Nilikuonea huruma, dada!"

"Huruma yako kampe mkeo!"

Karakana nzima ikaangua kicheko. Nubia naye akacheka.

"Mzee, naruhusiwa kukwangua palipoharibika?" akamuuliza Heriberto, mkaguzi.

"Kwangua. Saa haisimami."

Akakamata grainda, akakwangua mpaka akakuta chuma safi, akaanza upya pale. Eliécer alitoka nje, hakuthubutu kutazama.

Kazi ilipokwisha, Heriberto alikata vipande vinne kwenye kiungo kile. Cha nne alikikata makusudi palepale feni ilipopuliza. Mashine ikavikunja kimoja kimoja mpaka ncha zikakaribiana, maana mshono ukipasuka hapo, kwaheri. Cha kwanza salama. Cha pili salama. Cha tatu salama. Kufika cha nne, hakuna aliyecheka tena. Heriberto akapitisha ukucha juu ya mgongo wa kipande kile, akarudia, akavaa miwani, akarudia tena. Mzee yule ana roho ngumu, lo!

"Bi Nubia," akasema, "sioni ufa. Umefaulu."

Vifijo vikapasua bati! Eliécer akaingia mbio, analia kuliko mwenye mtihani.

"Namba yako ni sitini na moja," Heriberto akaendelea, akimpa kalamu ya rangi. "Utaiandika kando ya kila kiungo utakachochomelea. Hata ukifa, itasema nani alifanya. Anza na sehemu iliyobaki ya kiungo hiki."

Mikono ile, iliyotulia asubuhi nzima mbele ya moto, ikaponyokwa na kalamu.

"Ngojeni," Nubia akasema, anacheka huku machozi yakimtiririka. "Ngojeni kwanza. Nimesahau sita inaandikwaje."