Mtoto Aliyekataa Muthokoi

Dada yangu alipofariki, binti yake wa miaka minane alikaa kwanza kwa nyanyake, kisha kwa mjomba wake mjini Sultan Hamud, ndipo akaletwa kwangu hapa Kilungu na begi la shule na blanketi. Mimi sikujaliwa mtoto, na mdomo wangu una pilipili, kwa hivyo niliogopa kuliko yeye.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alijipa jembe siku ya kwanza. Alifagia uwanja kabla sijaamka. Akipewa chai, "Asante, Anti." Akipewa uji uliopoa, "Asante, Anti." Kanisani kina mama walinipongeza kwa mtoto mwenye adabu, nami nikatabasamu huku roho ikiniuma. Mtoto gani havunji hata kikombe? Nilimwambia aende acheze. Akacheza kwa kunitii. Miezi ikapita, na kila asubuhi alikunja blanketi lake akalirudisha ndani ya begi. Nilitaka awe wangu, na sikujua nianzie wapi.

Jumamosi moja mchana nilipakua muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, pamoja na mbaazi. Akaitazama sahani. Akaisukuma mpaka ikaanguka.

"Sitaki! Kila siku muthokoi, muthokoi! Kwani hapa hakuna chakula ingine?"

Siku nyingine ningewaka. Lakini nilisimama na upawa mkononi, mwili ukinisisimka kama mtu aliyenyeshewa kwenye baridi ya Agosti. Sauti ile kali, kidevu kile juu: dada yangu mtupu! Na alikuwa akinigombeza vile mtoto humgombeza mama yake. Nilisema "Asante Mungu" kwa sauti. Miujiza huwa naisikia ikihubiriwa tu. Huu niliuona kwa macho yangu, umemwagika sakafuni.

Yeye alishtuka. Akapiga magoti, akaanza kuokota mbaazi.

"Sasa utanipeleka kwa nani?" akauliza.

Kumbe adabu ile yote ilikuwa woga. Nikakaa sakafuni karibu naye.

"Sikupeleki mahali. Utakasirikia hapa hapa. Na kesho pia ni muthokoi."

Alinitazama kama anayepima neno langu. Kisha akakunja uso.

"Basi hata kesho sili," akasema, akaniegemea.