Fundi wa Nembo wa Mtanda

Fundi wa nembo wa pale Mtanda hachori, anafuta. Mteja akileta picha tano na rangi saba za kutia kwenye mfuko wa bidhaa yake, yeye hufinya jicho moja kama anayetunga uzi kwenye sindano, kisha kile kidole chake chenye ukucha mrefu kuliko wa bibi harusi huanza kazi. Hufuta minazi, hufuta maua, hufuta namba tatu za simu. Halafu huipunguza picha kwenye kioo cha simu mpaka iwe kama punje ya mchele, akauliza kwa upole wa kuudhi, "Unaona nini hapo?"

Bi Batuli alimpelekea korosho zake na picha yake ya Idi. Uso aliutaka kwa sababu kuna jirani anauza zilizoungua na kujiita Batuli, na wateja wa mtandaoni wanamtukana yeye. Fundi akafuta uso, akaacha korosho moja.

"We mwanangu, unanizika mzima mzima?"

"Bibi, watu wanakula korosho, hawakuli wewe."

"Na yule pale mlangoni, tunamla?"

Bango la duka lilikuwa na sura ya fundi ndani ya suti, kazungukwa na mawaridi na njiwa wawili. Fundi akainama.

"Lile alipanga mama, Bibi. Yule hapingwi."

"Na mimi nimezaa saba. Rudisha!"

Akarudisha uso. Akaipunguza picha, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akafuta korosho.