Moyo wa Mende Mweupe

Nilimwambia mwalimu wa baiolojia kwamba mende hana moyo. Angekuwa nao, nikasema, asingekaa kwetu Mashimoni miaka yote hii bila kusaidia hata kuchota maji. Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Kesho asubuhi uje na mende, unionyeshe moyo wake ukipiga. Ukishindwa, uje na mama yako."

Hapo utani ukaniishia. Mama huwafulia watu nguo huko estate, mtaa wa wenye nazo. Siku asipofika, mwanamke mwingine anainamia karai lake, na kesho yake karai si lake tena.

Kwetu mende si shida. Shida ni mgongo. Moyo wake ni mrija mrefu uliolala chini ya mgongo, na mgongo wenyewe ni kahawia, huoni kitu. Mwalimu alikuwa ametuambia anayeonekana ndani ni yule aliyetoka tu kujivua ganda, bado mweupe. Alfajiri nikiwasha jiko nikampata mmoja nyuma ya kalenda, mweupe kama mshumaa. Nikamtia kwenye mkebe wa majarini.

Jirani akaingia kuomba makaa ya moto, kama kila siku. Akafungua mkebe, pia kama kila siku.

"Yawa! Mende mweupe! Dada, hii ni uchawi mtu amekutumia!" akamwambia mama.

"Ni ya shule," nikasema.

"Hata shetani alisoma!"

Mama hakubishana. Alichota maji ya mtungi uliolala nje, baridi ya Julai yote ikiwa ndani, akayamwaga mkebeni huku jirani akikemea pepo. Mende akalala chali, miguu ikatulia.

Nikampeleka hivyo hivyo. Mwalimu akamwinamia na lenzi.

"Huyu ni marehemu. Kamwite mama."

"Amesikia baridi tu, mwalimu. Nipe mpaka kengele."

Si yeye mwenyewe alitufundisha? Moyo wa mdudu haungoji amri ya kichwa. Mkate kichwa, utaendelea kupiga. Neva zinaweza kuuharakisha au kuutuliza, lakini joto nalo lina neno kubwa. Baridi ikizidi, unapiga polepole hadi udhani umezima. Nikamfuta maji, nikabana mkebe kwapani, ndani ya sweta.

"Unaatamia?" jamaa wa dawati langu akauliza.

"Nyamaza, utaamsha mtoto."

Kengele ilipokaribia nikamtoa mbele ya mwalimu. Wimbi dogo likaanzia mkiani, likatembea mgongoni hadi kichwani, kama mtu anakamua tyubu ya dawa ya meno iliyokwisha. Kimya. Likaja lingine. Kisha yakaanza kufuatana.

Mwalimu akasahau kunikasirikia. Akatuonyesha damu isiyo na rangi inavyovutwa kupitia vitundu vya pembeni, inasukumwa mbele, inamwagika kichwani, halafu inarudi mwilini ovyo tu, bila mishipa. Akainama zaidi. Mende, ambaye sasa alikuwa amepata joto kuliko nilivyokusudia, akakimbilia ndani ya mkono wa shati lake.

Aliyoyasema mwalimu hayamo kwenye silabasi. Lakini hakumtaja mama.

Jioni mama alirudi kutoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Yule kitu alikufa?"

"Hapana. Nimemwacha kwa mwalimu."

"Mwalimu ameokoka?"

"Sidhani."

"Basi akae huko."